Muiache Ipumue

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamekwisha kufika, kamyo lao wameliegesha mbele kabisa ya gari ya marehemu Baba, wanatungoja tumalize. Hamisi, mdogo wangu, alikuwa amelala chali chini ya gari akifungua mipira ya mafuta, kwa kuwa wale watu hawataki gari yenye mafuta ndani, inawachafulia kamyo. Mara nikamsikia amenyamaza. Hamisi akiwa kazini haachi kuongea, hata na spana anaongea nayo, kwa hiyo nikainama kuona kuna nini. Akanipa kipande cha mpira. Ndani yake kulikuwa na kitu kimeganda, kigumu kama sabuni, rangi imefifia. Nikakikwangua kwa ukucha, nikakisugua vidoleni mpaka kikalainika kwa joto la mkono, nikakileta puani. Kilikuwa na ukali wa mafuta yaliyokaa miaka, lakini chini ya ukali ule yalikuwa mawese. Nikakaa palepale kwenye vumbi, mwanamke mzima na miwani yangu, nikalia mpaka wale vijana wa kamyo wakaona aibu wakaenda dukani kunywa soda.

Mnaoijua Rumonge mtasema, mawese yana nini cha kumliza mtu? Mji wetu mzima unanuka mawese na ndagala, dagaa wa ziwani, na mgeni akiziba pua tunamcheka. Lakini yale yalikuwa mawese ya Mama, na Mama alituacha nikiwa bado sijui kujifunga kitambaa cha kichwa mwenyewe.

Baba alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Makanika hakuwa, wala hakuwahi kufundishwa na makanika yeyote. Gari ile aliinunua kwa mchuuzi wa ndagala aliyekuwa ameikatia tamaa: ndefu, ya mazutu, yaani dizeli, ya zamani hata siku hiyo, usukani uko kulia kama nyingi zinazokuja kwetu na meli, na mlango wa nyuma umeandikwa TURBO kwa herufi zinazong'aa. Ilikuwa imebeba samaki miaka mingi mpaka harufu ikaingia kwenye viti. Siku alipoileta, paka wa mtaa mzima walikuja kuipokea. Mama akatoka mlangoni, mikono kiunoni, akaitazama kuanzia taa hadi mkia.

"Ewe Baba Zuwena! Umeniletea mke mwenza, tena ananuka samaki!"

Majirani walicheka, na jina likabaki hapohapo. Asubuhi Mama akimpa Baba chai alimuuliza, "Mke mwenzangu kaamkaje?" Mimi Zuwena nilikuwa mdogo, nikayachukua maneno kama yalivyo. Rafiki yangu wa shuleni alikuwa na mama wawili nyumbani kwao, kwa hiyo nilijua mke mwenza ni nini: ni yule anayegawana na mama yako kila kitu. Na kweli, Jumapili kutwa nzima Baba alikuwa kwake, amelala chini yake, miguu tu ndiyo iko nje.

Gari ilikuwa na mluzi. Ukiwa barazani uliisikia kabla hujaiona, sauti nyembamba inayopanda pale Baba anapokanyaga mafuta. Alitueleza kwamba turbo ni kijipanka kinachozungushwa na moshi wa injini, nacho kinaipulizia injini hewa ili iwe na nguvu ya kupanda mlima. Kinazunguka kwa kasi ya ajabu na kinapata moto sana. Ukifika nyumbani ukaizima gari ghafla, oili inayokilainisha inasimama, na panka linaungua. Kwa hiyo ukitoka safari unaiacha injini ingurume polepole mpaka joto lishuke, ndipo unazima. Baba alikuwa na maneno mawili tu kwa hilo: "Muiache ipumue." Ikawa sheria ya nyumba. Gari ikiingia uani, waliomo hawashuki na walio nje hawaisogelei mpaka injini inyamaze. Hata Shangazi Mariamu, dada yake Baba, mtu ambaye hajawahi kubisha hodi mlango wowote duniani, hapo alingoja kama sisi wengine.

Mama ndiye aliyegundua faida ya sheria ile. Baba alikuwa mtu wa kukwepa mazungumzo, ukimgusia jambo zito anakumbuka suruali ya mteja. Sasa akiwa amekaa pale, mkono uko kwenye ufunguo, hana pa kukimbilia. Basi Mama alimmwagia maneno yake yote ya wiki. Sisi barazani tuliona midomo tu inavyokwenda, Mama akihesabu kwa vidole, Baba akitikisa kichwa. Siku moja waliacha kioo wazi nikasikia.

"Paa ya jikoni inavuja."

"Nimesikia."

"Hata mwezi jana ulisikia."

"Mama Zuwena, iache gari ipumue."

"Gari inapumua. Mimi ndiye sijapumua."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka barazani bila kujua kwa nini. Nyumba ilikuwa na raha siku zile, nasema kweli, na mimi nilidhani nyumba zote ziko hivyo.

Baba aliitengeneza gari kwa akili ya fundi wa nguo. Gasketi alizikata kwenye maboksi ya kadibodi kwa mkasi wake wa kazi, baada ya kuzichora kwa chaki. Mpira mkubwa unaopeleka hewa ya turbo kwenye injini ulipopasuka, hakutafuta mwingine. Alipima kwa futi ya shingoni, akakata turubai, akashona mpira mpya kwa uzi wa nailoni, mshono mara mbili, akaubana kwa waya. Kwenye mlima wa kwanza tu ulipasuka kwa kishindo, watu wakadhani ni risasi, wakalala chini barabarani. Akarudi nyumbani amenuna, akashona mwingine wenye tabaka tatu na kuupaka gundi ya baiskeli. Huo ulidumu. Mama alisema ni gari ya kwanza Burundi nzima kuvaa nguo ya kupimwa.

Kazi ya Mama ilikuwa mawese. Alinunua mashada ya michikichi kwa wakulima wa Kizuka na Kigwena, akayachemsha kwenye pipa nyuma ya jiko, akayakamua kwa mashine ya kuzungusha kwa mikono, halafu akayachemsha tena mafuta mpaka maji yote yatoke. Wengine waliishia hapo. Mama aliyachuja tena kwa kitambaa cheupe kutoka kibandani kwa Baba, polepole, akimfokea yeyote anayepita na kutimua vumbi. Mafuta yake yalikuwa mekundu na safi, ukiyaweka juani unaona vidole vyako upande wa pili wa chupa. Siku za kukamua harufu yake ilijaa uani hadi kwenye nguo zilizoanikwa, na mimi nikitoka shule nikiisikia nilikuwa na hakika ya mambo mawili, kwamba Mama yuko nyumbani na kwamba maharage ya leo ni mazuri.

Halafu Mama akaanza kuumwa. Sisi tuliambiwa ni tumbo. Baadaye sana ndipo nilipojua kulikuwa na uvimbe, na kwamba matibabu yake hayakuwepo ila Bujumbura tu, aende na kurudi, aende na kurudi, na akikosa safari moja yote ya nyuma yanapotea. Na wakati huohuo mazutu ikapotea nchini. Hilo wa umri wangu hamhitaji kuelezwa, tumelizoea tangu utoto: foleni za magari kwenye stasheni za mafuta, madereva wamelala ndani yake, mabasi yamesimama. Baba alirudi na bidoni yake, dumu la mafuta, ikiwa tupu siku baada ya siku. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, akatazama gari, akatazama stoo ya Mama ambamo bidoni za mawese zimepangwa hadi ukutani.

"Hapana," Mama akasema kabla hajaulizwa.

"Sijasema kitu."

"Macho yako imeshasema. Hiyo ni chakula ya watoto."

"Wazee wanasema injini ya mazutu inaweza kula mafuta yoyote."

"Wazee gani hao?"

Hakukuwa na wazee wowote. Alikuwa ameyasikia kwa dereva mmoja Mkongomani pale bandarini. Jioni ileile akamimina mawese kwenye tangi, akawasha, na gari ikawaka! Ikatoa moshi wenye harufu ya sambusa, watoto wa mtaa wakaikimbilia wakicheka. Tukaenda nayo kuelekea Kizuka kuijaribu, sote tumepanda, Mama akiziba uso kwa kanga kwa kicheko. Asubuhi iliyofuata ikagoma kabisa. Mawese mnayajua, baridi kidogo tu ya alfajiri inatosha kuyagandisha, na yalikuwa yameganda kwenye mipira yote na ndani ya pampu. Baba alikaa siku nyingi akifungua kila kitu na kukiosha kwa maji ya moto. Majirani walipita wakamsalimu, "Amahoro, mpishi!"

Lakini hakuacha. Alikuwa na sababu, na sababu ilikuwa imelala chumbani imegeukia ukuta. Akafunga tangi la pili nyuma ya kiti, bidoni kubwa la chuma, akalizungushia bomba la shaba linalopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini, na juu yake akalishonea koti la blanketi, lenye vifungo kabisa. Chini ya usukani akaweka robine ndogo ya njano, kama ya bomba la maji. Ukiigeuza huku, injini inakunywa mazutu, ukiigeuza huku, inakunywa mawese. Unawasha kwa mazutu kidogo uliyonayo. Ukishapata moto, unageuza, unasafiri kwa mawese. Na ukikaribia nyumbani unageuza tena, mazutu ikasafishe mipira, usije ukalala na mawese ndani. Kwetu aligeuzia kwenye daraja kabla ya kuingia mjini. Akifika uani na akimaliza kuiacha ipumue, moshi ulikuwa umesharudi kuwa moshi tu, wa mazutu. Hakusahau hata safari moja, kwa sababu alishaiosha ile pampu mara moja na hakutaka kurudia.

Safari za Mama zikaanza, na mimi nikaanza kuichukia gari. Niliona kwa macho yangu: mke mwenza anakunywa mafuta ya Mama, bidoni baada ya bidoni, mluzi wake unazidi nguvu, na Mama anazidi kukonda. Kwa akili ya mtoto hesabu ilikuwa wazi. Siku moja Mama akanikuta nimesimama mbele ya taa zake nimekunja uso, akaniuliza kuna nini, nikamwambia yote. Alikaa kwanza kwenye bampa, kwa kuwa kusimama kulikuwa kunamchosha, akanivuta.

"Mutoto wangu, huyu hanimalizi. Huyu ndiye ananibeba. Mafuta yangu ingeniendesha nani mwingine?"

Nikamwamini, ila si yote. Likizo ilipofika wakanichukua safari moja, na hiyo ndiyo ninayo mpaka leo. Nilikaa nyuma, paja langu liko kwenye lile koti la blanketi, joto la mawese linapita kwenye nguo. Kwenda, ziwa lilikuwa upande wa Mama, limetulia, na mitumbwi imeanikwa mchangani. Gari za kwetu zinapita kulia na usukani wa Baba ulikuwa kulia, kwa hiyo mbele kukiwa na kamyo yeye haoni kitu ila mkia wake. Anayeiona barabara ni wa kiti cha kushoto. Na hiyo ilikuwa kazi ya Mama. Sikuwahi kujua kwamba wale wawili wanaendesha gari pamoja.

"Iko nini mbele?" Baba anauliza.

"Bado. Iko basi... iko baiskeli na ndizi... bado... pita!"

Na Baba anakanyaga, mluzi unapanda, tunapita kamyo, bila yeye kuhakikisha lolote kwa macho yake. Nilishika kiti kwa hofu na raha pamoja. Karibu na Kabezi kulikuwa na kamyo refu la mashada ya michikichi linatambaa, na Mama alikuwa amefumba macho, kichwa kiko kwenye kioo. Baba akapunguza mwendo, akakaa nyuma yake.

"Mbona haupiti?" Mama akauliza bila kufumbua macho.

"Lala. Nitaangalia mwenyewe."

"Na macho gani? Uko upande mubaya." Akajiinua kwa mikono miwili, akachungulia. "Subiri... subiri... haya, pita."

Jioni tuliporudi na gari ikipumua uani, nilikuwa ndani kwa mara ya kwanza. Nilitegemea vicheko. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba bidoni zilizobaki stooni ni chache, na yeye hana tena nguvu za kukamua. "Usimupe mke mwenzangu yote," akasema. "Uachie watoto ya maharage." Baba akasema amesikia. Safari hii Mama hakumkumbusha kwamba hata mwezi jana alisikia. Alimshika tu mkono uliokuwa kwenye ufunguo, na injini ikaendelea kunguruma muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Safari ya mwisho waliondoka asubuhi, Mama amefungwa kanga mbili, Baba amepakia bidoni ya mwisho. Mama akatuambia tumsikilize Shangazi. Wakakaa huko siku kadhaa. Simu hatukuwa nayo, na mabasi yenye habari hayakuwepo. Kila mchana mimi na Hamisi tulikaa barazani kusikiliza mluzi.

Tuliusikia baada ya adhuhuri. Ulikuwa chini, haupandi, gari inakuja polepole kama inayotafuta nyumba isiyoijua. Ikaingia uani, ikasimama mahali pake. Jua lilikuwa limepiga kioo, hatukuona ndani. Tukasimama barazani kama sheria inavyotaka, Hamisi akirukaruka. Ndipo harufu ikanifikia. Ilikuwa harufu ya mawese, ile ya siku za kukamua, imejaa uani mpaka kwenye nguo zilizoanikwa.

Jamani, nilifurahi! Sikufikiri robine wala daraja. Nilifikiri kitu kimoja, ambacho pua yangu ilikuwa ikinifundisha maisha yangu yote: harufu hii ikiwepo, Mama yuko nyumbani. Nikajua ameshushwa nje ya geti, amepitia mlango wa nyuma, ameshafika jikoni. Nikakimbia kuzunguka nyumba nikiita. Jikoni hakukuwa na mtu. Jivu lilikuwa baridi. Nikajiambia ameingia kuoga, safari ni ndefu. Nikawasha kuni, nikapuliza mpaka macho yakatoka machozi, nikateleka sufuria ya maharage ili akitoka aone kwamba mtoto wake amekuwa mkubwa. Nikajifuta mikono, nikarudi mbele nimejaa sifa.

Injini ilikuwa bado inanguruma.

Shangazi Mariamu alikuwa ametoka, mikono ina unga. "Mbona haizimi?" akauliza, hakumuuliza mtu. Akatazama gari kwa muda, halafu akakaa chini kwenye ngazi taratibu, akajifunika mdomo kwa mkono uleule wa unga. Mimi sikuelewa. Majirani walianza kusimama getini. Baba, yule Baba aliyechuja mazutu kwa kitambaa na kukikamua kitambaa chenyewe kwenye bidoni, alikuwa amekaa ndani na anaacha mafuta yaungue bure. Nilitaka kwenda kumgongea kioo nimwambie, lakini sheria ni sheria, na Shangazi alinishika gauni. Injini ikanguruma, ikanguruma, sijui kwa muda gani. Kisha ikakohoa, ikashika tena, ikakohoa, ikazimika yenyewe. Ilikuwa imemaliza.

Baba akafungua mlango, akashuka. Kanga ya Mama ilikuwa imekunjwa vizuri mkononi mwake. Nikamkimbilia.

"Baba, nimewasha moto. Mama iko wapi?"

Alinitazama, akamtazama Hamisi, akamtazama dada yake.

"Nimekuja nyuma ya kamyo tangu Kabezi," akasema. "Hapakuwa mutu wa kuniambia pita."

Shangazi akapiga ukelele, na wanawake wa getini wakaupokea. Mimi nilikwenda getini, nikapenya katikati yao, nikatazama barabarani. Nilikuwa nalitafuta hilo kamyo, nikidhani Mama yumo.

Walikuwa wamemzika siku iliyotangulia, Buyenzi, hukohuko Bujumbura, kwa watu wake. Wajomba waliomba alale karibu na mama yake, na mazutu ya kutuita sisi haikuwepo. Hayo niliyapata kidogokidogo, kwa kusikiliza wakubwa. Lakini kilichonikaa rohoni utoto wangu wote hakikuwa hicho. Nilimkasirikia Baba kwa yale mafuta. Mama alisema watuachie ya maharage, na yeye akakaa uani akayaunguza mpaka tone la mwisho, hata kijiko hakutubakishia. Nilimkasirikia miaka, mkinielewa, miaka mizima, na sikuwahi kumwambia.

Asubuhi iliyofuata mawese yalikuwa yameganda kwenye mipira na ndani ya pampu, na gari haikuwaka tena. Baba alijua kuisafisha, alishafanya. Hakuigusa. Kuku walitaga ndani yake, herufi za TURBO zikaanguka moja moja, naye alipita kando yake kila alfajiri akienda kibandani. Hamisi alipokua akawa makanika wa kweli, kule Bujumbura, akaja na vifaa vyake akasema, "Baba, siku mbili tu, nitaifufua." Mimi nilikuwepo. Baba alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua macho.

"Muiache," akasema. "Iko na mafuta ya mama yenu ndani."

Ndivyo nilivyojua kwamba alitubakishia. Hasira yangu iliisha siku ile, ikabaki huzuni peke yake, na huzuni peke yake ni nyepesi zaidi kubeba. Aliishi hivyo mpaka mwaka huu, alipofariki usingizini. Nyumba tumeipangisha, na mpangaji anataka ua.

Hamisi alitoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa muda mrefu. Akafungua mlango wa kulia akaketi, nami nikazunguka nikaketi kushoto, kwenye kiti cha Mama, mayai ya kuku nikayasogeza. Harufu ya ndagala ilikuwa bado ipo, mniamini msiniamini.

"Dada," Hamisi akasema, "mimi kutoka hapa naona mkia wa kamyo tu."

Nikatazama. Kutoka kwangu niliona pembeni ya kamyo, geti, barabara, na watu wanaotoka sokoni na vikapu.

"Mimi naona mpaka sokoni," nikamwambia.

Akainama chini ya usukani. Robine ilikuwa imeshika kutu, akaigonga kidogo kwa spana, akaigeuza taratibu mpaka mwisho, upande wa mazutu. Wale vijana walikuwa wamerudi kutoka dukani. Mmoja akaja akainama dirishani kwangu, kwa adabu.

"Dada, tupakie?"

"Subiri, mudogo wangu," nikasema. "Muiache kwanza ipumue."